Mchezaji wa Zamu ya Nne

Enzi zetu pale Hillbrow, Jumamosi ilianza na harufu ya magwinya, yale maandazi ya huko, yakikaangwa kona ya barabara na sauti ya mama ikitufuata kwenye ngazi: "Msidundishe mpira chini ya dirisha, baba yenu ametoka lindo!" Tulishuka tukiwa tumeubeba kifuani kama mtoto mchanga. Ulikuwa umechakaa hadi ukawa na upara.

Uwanja wa kikapu ulikuwa nyuma ya magorofa, ringi haina wavu. Timu zilikuwa nne, na manahodha walichagua wachezaji kwa zamu. Sheria ilikuwa moja: aliyeshinda msimu uliopita anachagua wa mwisho. Yaya Furaha, dada yangu mkubwa, alishinda mara nyingi, kwa hiyo kila mzunguko wa kwanza alibakiziwa makombo. Warefu walikuwa wameshakwenda.

Msimu mmoja, zamu yake ilipofika, alikuwa bado amesimama mvulana mwenye raba mpya. Furaha akampita. "Neema," akasema.

Watu wakacheka. Neema alikuwa mfupi, mgeni kutoka Bukavu, anaishi kwa shangazi yake. Mama yake alikuwa amefia njiani, na tangu afike hatukuwahi kumsikia akisema neno.

"Eish, Furaha, umepoteza zamu!" nahodha mmoja akapiga kelele.

"Nimemtazama," dada akajibu. "Akinyang'anywa mpira hasimami kulalamika. Anarudi kulinda."

Jumamosi za kwanza tulipigwa vibaya, nami nikaona aibu kwa niaba ya dada yangu. Kisha siku moja, tukiwa nyuma kwa pointi moja, sauti nyembamba ikatoka pembeni: "Pasi! Nipe huku!" Tuligeuka sote. Ilikuwa Neema. Furaha alichelewa kumpa mpira kwa sababu ya mshangao, lakini alimpa, Neema akarusha, ukaingia. Msimu huo tulishinda. Neema akawa anaongea hadi shangazi yake akaja kumshukuru mama, akalia jikoni kwetu mbele ya sufuria ya sombe, kisamvu cha kwetu.

Msimu uliofuata, nahodha mwenye zamu ya kwanza hakufikiri hata kidogo. "Neema!" akaita. Furaha aliinamisha kichwa. Nyumbani hakugusa chakula.

"Ndiye niliyemtaka mimi, mama."

"Najua," mama akasema. "Lakini ukimfanya mtu aonekane, huwezi kumficha tena."

Neema hakumchezea nahodha yule hata mechi mbili. Wageni kutoka nchi nyingine walianza kutishwa mtaani, maduka yakafungwa, na shangazi akamhamishia Durban bila kuaga. Hatukupata habari zake tena. Furaha sasa ana saluni, na mpaka leo akisikia jina la Neema huacha kusuka kidogo.

Mwanangu naye ni mpenzi wa kikapu, ila wa kwenye simu. Vijana wa Marekani wakichaguliwa na timu za kulipwa, anawapima mmoja mmoja. "Mama, wa mwisho mwisho hawa ni wa kubahatisha tu," ananiambia kwa Kiingereza. Anajua urefu wa mikono yao hadi vidole. Sisi tulijua nani ameamka bila chai.

Mlango wa pili amehamia mtoto wa rika lake, kutoka Bujumbura. Juzi nilimwuliza mwanangu jirani huyo anaitwa nani. Aliinua macho kutoka kwenye simu, akafikiri, akasema hajui.