Ngumi ya Baba Mkwe

Gereji nzima ilimwita Mkwe. Si fundi, wala si Baba Mapacha kama mkewe alivyomwita, ila Mkwe, hata na wateja wasiokuwa na binti wa kumwoza. Miaka tisa alikuwa anachomelea ekzosi, yale mabomba ya kutolea moshi ya malori, kwenye gereji ya baba wa mkewe, akilala na mke na watoto wawili katika chumba kimoja kilichoegemea ukuta wa gereji hiyo hiyo, shuka zikinuka moshi wa dizeli hata zikitoka kufuliwa. Angehamia wapi? Mashine ya kuchomelea ilikuwa ya mzee, chumba cha mzee, na zana zote mpaka bisibisi za mzee.

Mzee alikuwa fundi wa kukata na shoka, hilo hakuna wa kumnyang'anya. Hakushika tepu maisha yake yote. Upana wa bomba aliupima kwa ngumi: anaiingiza kwenye mabomba yaliyopangwa ukutani, moja baada ya jingine, na lile ambalo ngumi inaenea na kuzunguka bila kukwaruzwa, ndilo la lori la tani saba. Bomba likiwa jembamba, injini inakabwa koo. Likiwa pana mno, moshi unazubaa njiani, na lori la injini ndogo linakosa nguvu mlimani. Kwa miaka mingi ngumi ile ilichagua inchi nne kamili, wala hukuhitaji kuhakiki.

"Siku mkono huu ukikosea," mzee alipenda kusema mbele za watu, "gereji namwachia Mkwe, mimi nakwenda kupumzika."

Watu walicheka. Mkwe hakucheka, kwa sababu mkono ulikuwa umeshakosea. Miaka minne sasa ugonjwa wa viungo ulikuwa unauvimbisha, vifundo vikawa kama vitunguu, na ngumi iliyozoea inchi nne ikawa inachagua tano. Mwenyewe hakuona. Nani anauona mkono wake unavyonenepa, nao anao kila siku?

Na Mkwe alifanya nini? Alificha. Hebu jaribu wewe kumwambia mzazi wa mkeo, mbele ya wateja, kwamba mkono wake umekwisha! Mzee akishachagua na kwenda kunywa chai, Mkwe alirudisha bomba la inchi tano ukutani, akafunga la inchi nne, kisha akachomelea kipande kifupi cha tano mwishoni kabisa, nyuma ya lori. Mzee akirudi huingiza ngumi pale pale, anaizungusha na kuuliza, "Umefunga nililokuchagulia?"

"Ndiyo, baba."

Malori yakapanda milima, sifa zikaenda kwa ngumi. Kadiri Mkwe alivyosahihisha ndivyo mzee alivyozidi kutokosea, na asipokosea hang'oki.

Asubuhi moja mkewe alikuwa anakunja godoro ili mlango upate kufunguka. "Baba Mapacha, hawa watoto watakulia humu humu? Niambie tu nijue." Swali hilo lilimuuma Mkwe.

Siku hiyo hiyo liliingia lori la dereva wa matofali. Mzee akapima, akachagua inchi tano, akaenda chai. Mkwe akasimama na lile bomba mkononi. Potelea mbali, akajisemea, akapiga moyo konde na kulifunga lile lile, mwanzo mpaka mwisho.

"Umefunga nililokuchagulia?"

"Ndiyo, baba." Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka minne kulijibu swali hilo kwa ukweli, na ndiyo mara ya kwanza sauti kumtetemeka.

Siku ya tatu dereva akarudi amefura. "Mzee, gari limekuwa goigoi! Kile kilima cha machimboni nimekipanda kwa gia ya kwanza, kelele tele, mwendo hakuna. Nimepitwa na baiskeli mimi!"

Mafundi wakaacha nyundo. Mzee akaenda nyuma ya lori, akaingiza ngumi. Ikaenea, ikazunguka. Akaitoa, akajaribu kuikunja zaidi, vidole vikagoma. Akaitazama kwa muda mrefu, kisha akaisokomeza mfukoni upesi upesi. Mkwe hakuwahi kumwona mzee akiogopa kitu.

"Mwanangu," mzee akauliza taratibu, "ulifunga nililokuchagulia?"

Lilitakiwa neno moja tu. Gereji, chumba chenye nafasi, godoro lisilokunjwa, vyote vilingojea neno hilo, na safari hii lilikuwa kweli tupu. Mkwe alimchukia mzee na kumhurumia kwa wakati mmoja, huruma ikashinda, na hilo nalo akalichukia.

"Hapana, baba," akasema. "Nilichanganya mabomba. Nisamehe."

Mzee akashusha pumzi. "Nilijua!" Akawageukia watu, mkono ukatoka mfukoni. "Mkono huu ukosee? Huyu nikimwachia gereji si ataizika?"

Wakacheka wote, dereva naye akacheka. Mzee akaenda ukutani, akapitisha ngumi bomba la kwanza, la pili, akasimama kwenye lile la inchi tano. Akampa Mkwe. "Hili hapa. Na leo usichanganye."

"Sawa, baba."

Mkwe akangoja mpaka mzee alipokwenda kunywa chai. Kisha akalirudisha ukutani, akachukua la inchi nne.