Uko na Laptop Nzito?

Jumamosi, katika duka la kompyuta mjini Kitui, mama mmoja anayechapia watu barua huko sokoni Tulia alikuwa akichagua laptop, nami nikingoja zamu yangu. Stima ikipotea, kompyuta yake ya mezani huzima na kazi ya mteja huanza upya.

Muuzaji alimwinulia moja kwa vidole viwili. "Hii ni nyepesi, mama. Unabeba mpaka kanisani."

Mama akaisukuma nyuma. "Hiyo ndiyo shida. Ile ya mezani hakuna mtu amewahi kuniomba. Hii, kwaya wataitaka, shemeji ataitaka. Uko na nzito?"

Akatoka na nzito kuliko zote, ameikumbatia kwa mikono miwili.

Nilimcheka kimoyomoyo, nikanunua ile nyepesi. Kabla sijafika stendi, shemeji yangu akanipigia simu.

"Nasikia umenunua laptop. Inabebeka?"