Kipimo cha Besi ni Mama Mkwe

Mume wangu ni fundi cherehani, na Jumamosi hupiga gitaa la besi kwenye bendi ya harusi. Amplifaya yake ni ndogo, ya kubeba kwa mkono mmoja, ila sauti yake ilikuwa kavu kama ya mtu anayesoma matangazo. Yeye alitaka ule unene wa amplifaya za zamani zenye taa za kioo ndani. Akanunua kiboksi chenye taa moja ya namna hiyo, akakiunganisha kati ya gitaa na amplifaya, akaanza kunisumbua.

"Sikia sasa. Na sasa je?"

Nikaendelea kukata vitunguu vyangu.

Mama yangu, ambaye chumba chake kimepakana na sebule, hugonga ukuta kelele zikimkera. Akagonga. Mume wangu akapunguza sauti nyembamba. Mama akagonga tena. Mume wangu akaongeza nguvu ya kiboksi taratibu, mpaka besi ikakwaruza kidogo, kama koo la mtu aliyetoka usingizini. Ukuta ukanyamaza.

"Nimeipata," akanong'ona, akazima kila kitu ili mama mkwe apumzike.

Ukuta ukagongwa.

"Mkwe," mama akaita, "nani kakwambia uzime?"