Kitanda cha Pili

Programu ya mashine ile niliiandika mwenyewe, nyumbani kwangu upande wa Kipalapala, na nilijisifu nayo sana. Ilihesabu pumzi za watoto njiti katika kituo kimoja cha afya njia ya Sikonge. Vitanda viwili, skrini moja. Pumzi zikipungua, kengele inalia.

Muuguzi wa pale, mama wa makamo, alinipigia simu. "Mwanangu, kitanda cha pili kinaganda. Namba inabaki palepale."

"Shikamoo mama. Huo ni umeme tu. Zima, uwashe."

Kwetu umeme unabebeshwa lawama zote, nami nikautwisha na yangu. Kengele nilikuwa nimeijaribu, ndiyo, lakini kila mara kwenye kitanda cha kwanza. Ni uvivu, sina jina lingine.

Wiki iliyofuata walizaliwa mapacha. Kwetu wa kwanza ni kulwa na wa pili ni doto, hata kabla ya kuwatazama sura, na muuguzi akawalaza kwa mpangilio huohuo. Saa nne asubuhi pumzi za doto zilianza kupungua. Skrini ikabaki kwenye arobaini na mbili. Muuguzi alikuwa hatua chache tu, anamhudumia mzazi mwingine, akiitupia jicho ile arobaini na mbili yangu. Alipokuja kumgusa mtoto, alikuwa ameshapoa.

Kosa nililipata siku mbili baadaye. Kila kitanda kilikuwa na uzi wake ndani ya programu, yaani mfululizo wa maagizo unaojiendesha peke yake, na kila uzi una kipande chake cha kumbukumbu ambacho uzi mwingine haukigusi. Hesabu ya kengele ilitaka kipande hicho kianzie mahali ambapo namba yake, yaani anwani, inagawanyika kwa kumi na sita. Lakini maktaba ya nyuzi ya mfumo endeshi, yaani msimbo wa tayari unaoanzisha nyuzi hizo, ilivipanga vipande vikifuatana bila nafasi, kila kimoja baiti ishirini na nne. Cha kwanza kilianzia sifuri, kikakaa sawa. Cha pili kilianzia ishirini na nne, namba isiyogawanyika kwa kumi na sita. Uzi wake ulifanya kazi vizuri hadi ulipofika kwenye hesabu ya kengele, ukafa kimya, na namba ya mwisho ikabaki inang'aa. Ulikufa pale tu ulipohitajika. Nililia kwa hasira, nikajitukana kwa Kinyamwezi. Marekebisho yalikuwa mstari mmoja.

Niliupeleka mwenyewe. "Mama, haukuwa umeme," nilimwambia muuguzi.

"Nilizima, nikawasha," alisema. "Kama ulivyoniambia."

Mama wa mapacha alikuwa amekaa kitandani, kulwa kifuani. "Shikamoo. Wewe ndiye uliyetengeneza mashine?"

"Marahaba. Ndiyo, ni mimi."

"Mungu akubariki. Bila hiyo ningewakosa wote wawili."

Muuguzi alinitazama, akisubiri niseme.

"Amina," nikasema.