Jamvi langu la karafuu liligonganisha ndege mbili

Vijana wa humu, shikamoo zenu nimeshazipokea, hata za wale wasiozitoa. Nawaona mnaitana wakuu. Mkuu ni mie, niliyezaliwa kabla ya vita vya Hitler, na ninachokiandika nilikiona kwa macho yangu. Asiyeamini apite.

Nimesoma chuoni msahafu tu, kwa hiyo msinihesabie makosa ya kuandika.

Ilikuwa huku kwetu Pemba, vita vimekwisha karibuni. Baba alikuwa na mikarafuu jirani na uwanja wa ndege.

Msidhani uwanja kama wa leo. Majani yaliyofyekwa na banda la makuti, basi. Ndege zenyewe ndogo, za watu watatu wanne, zinakuja mara moja moja.

Siku zisizo na ndege uwanja ulikuwa wetu. Hakuna pahala pakavu na sawasawa kama pale kwa kuanika karafuu. Serikali inakataza, sie tunaanika.

Alikuwapo kijana akiitwa Hamadi. Kazi yake, ndege ikishatua, kuitangulia kwa miguu na kitambaa chekundu mpaka bandani. Ndege zile zikiwa chini zilikaa mkia chini, pua juu. Rubani haoni mbele ila mbingu. Macho yake ni Hamadi.

Huyo Hamadi alishaleta posa kwetu, anioe mie. Baba akasema kwanza atamtazama, kazi yake ni ya kudumu au ya kuungaunga.

Sasa siku hiyo ndege moja imeshakaa bandani, nasi tumeanika tena tukidhani zimekwisha. Ya pili ikatua. Wanawake wote wakakunja majamvi yao. Langu likabaki, njiani kabisa.

Hamadi akaja mbele ya ndege, kitambaa juu. Akaliona jamvi. Akanitazama. Akatazama ndege. Akatupa kitambaa, akakimbilia karafuu.

Ndege ikaendelea peke yake kama ng'ombe aliyekata kamba. Feni yake ikapeperusha karafuu mpaka kwenye kanzu ya karani wa uwanja, na bawa likaenda kutoboa mkia wa mwenziwe. Kraa!

Hakuumia mtu, alhamdulillahi. Marubani wakashuka wakagombana kwa Kizungu. Mama yangu akafika mbio.

"We bwana, huoni jamvi la watu?"

Karani akamuuliza rubani kwa Kizungu, akajibiwa. "Anasema mbele haoni, Bi Mkubwa."

"Haoni mbele na anaendesha? Mwambie apande punda. Punda anaona!"

Hilo karani hakulifikisha.

Hamadi akafukuzwa papo hapo. Alasiri akaja kwetu kuomba radhi. Mie niko nyuma ya pazia, najua posa imekufa.

Baba akamuuliza, "Uliacha ndege ya Serikali ukakimbilia karafuu zangu?"

"Ndiyo, mzee."

"Ulizikusanya zote?"

"Kasoro zilizoruka na feni."

Baba akamgeukia mama: "Kazi atapata nyingine. Huyu ndiye mkwe."

Nikaolewa msimu ule ule. Nimekaa naye mpaka mauti yake, Mungu amrehemu.

Niliahidi kusema kweli, basi nasema. Jamvi lile sikulisahau. Nililivuta njiani mwenyewe, kwa sababu kila akipita, macho yake yako kwenye ndege tu. Nilitaka asimame japo kidogo. Hayo nilimwambia Hamadi siku tumeshazeeka.

Akasema, "Nilijua. Jamvi halina miguu."

Funzo: ukiwa huoni mbele, mtafute wa kukutangulia, na umchunguze kama ana mchumba hapo njiani. Nanyi semeni yenu hapo chini, ila kwa adabu.

Wiki iliyopita mjukuu wangu karudisha gari nyuma, kalikanyaga jamvi langu uani. Nikawaita wote nyumbani nikawaamrisha: gari haliingii wala halitoki humu mpaka mmoja ashuke, atangulie kwa miguu na kitambaa chekundu. Na huyo anayetangulia, amwone amwonaye, kitambaa asikitupe.