Maoni ya Kuazima

Chama chetu cha wasomaji hukutana Jumamosi alasiri katika chumba cha nyuma cha hoteli moja ya chai pale Kinoru, karibu na uwanja. Tuko saba. Tunachagua riwaya inayosifiwa na watu, kisha kila mmoja anasema jambo kuihusu ambalo wengine hawatapenda kulisikia. Ukisema jambo linalokubaliwa na wote, unatununulia maandazi. Sheria hiyo iliwekwa na mwalimu mstaafu ambaye ni mwenyekiti wetu, na nadhani aliiweka kwa sababu anapenda maandazi.

Kwa miaka minne sikununua hata andazi moja. Nilijulikana kwa ulimi mkali, kumbe ulimi haukuwa wangu. Mimi nauza mbegu na dawa za mifugo katika duka la mtu mjini Meru, na kitabu nikikifungua jioni nalala ukurasa wa tatu. Maoni yalikuwa ya dada yangu, mwalimu wa shule ya msingi huko Embu. Kila Alhamisi alinipigia simu huku akipika, akairarua riwaya ya wiki hiyo sura kwa sura, nami Jumamosi nikayatoa maneno yake kama yangu. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri makalio. Yangu ilinisitiri miaka minne.

Riwaya ya mwisho mimi na dada tuliyoizungumza ni ile ambayo kila mtu chamani anaipenda. Mke anaachwa na mumewe miaka kumi na miwili, halafu usiku mmoja wa mvua mume anarudi mgonjwa na kubisha mlango. Dada hakuwa ameimaliza.

"Sikiza," akaniambia. "Huyu mama alilia siku tatu kwa kitanda. Siku tatu! Na ng'ombe zilikamuliwa na nani? Sasa huyo mzee ndio huyo amerudi, anagonga. Wacha nione kama atamfungulia. Nitakuambia Alhamisi."

Jumatano alianguka darasani. Presha, walisema. Nilipofika Embu alikuwa ameshafunikwa.

Tulimzika kwetu Mikinduri. Mimi nilisimamia sufuria na kuhesabu viti vya kukodi, na watu wakasema nimejikaza. Sikuwa nimejikaza. Hakukuwa na kitu cha kukaza. Nilisikia nyimbo za kanisa kama mtu anayesikia redio ya jirani, na nilipoulizwa kama nimekula nilijibu ndiyo bila kujua kama nimekula.

Vitu vyake vililetwa katika katoni: viatu, kalamu nyekundu, na riwaya ile. Jumamosi iliyofuata niliitia mkobani nikaenda nayo Kinoru, kwa kuwa ilikuwa Jumamosi na miguu ilijua njia. Nilipoulizwa maoni yangu nilisema, "Ni kizuri." Mwalimu, mwenyekiti wetu, akaamua kwamba mfiwa hanunui maandazi. Wiki iliyofuata nikasema hivyo hivyo, na iliyofuata pia, na hakuna aliyenidai.

Siku ile ya kwanza, mwenzetu mmoja alikiona kitabu mezani. Ni mama fundi wa kushona anayeishi Majengo, amenizidi umri kiasi cha kunizaa. Yeye Kiswahili alikinyonya kwa mama yake; sisi wengine tulikipata shuleni kwa kiboko. Anaipenda riwaya ile kuliko zote, na nakala yake ilikuwa imepotea.

"Mwanangu, naomba kitabu hiki," akasema.

"Haya mama, chukua."

Hata sikukifungua kabla ya kumpa.

Ilipita miezi mitatu hivi. Asubuhi moja mteja akanunua dawa ya kupe dukani, na alipokuwa akitoka akasema, "Kama itafanya kazi, nitakuambia Alhamisi." Nikasimama na chupa ya pili mkononi. Dada yangu alikuwa na tabia ya kugombana na vitabu kwa penseli, pembeni mwa kurasa. Kama aliufikia mlango ule, jibu lake lilikuwa mle ndani, na mimi nilikuwa nimelitoa kama mtu anayetoa maji ya kunywa.

Jumamosi sikungoja chai.

"Mama, ukimaliza kile kitabu unirudishie."

Alinitazama juu ya miwani. "Nikurudishie? Si nilikuomba, ukanipa?"

"Ndio. Uliomba. Kuomba si unarudisha?"

"Kuomba ni kuomba, mwanangu. Ningetaka kurudisha ningesema niazime."

Chumba kikagawanyika, sita kwa mmoja. Kwetu mtu huomba jembe kwa jirani asubuhi na jioni analirudisha, na asiporudisha anafuatwa. Mwalimu, aliyefundisha Kiswahili maisha yake yote, alikiri kwamba mama ana haki kwa kamusi na mimi nina haki kwa Meru. Mama hakucheka.

"Mimi sijala kitu cha mtu," akasema. "Njoo nyumbani ukichukue."

Nilikwenda Jumatatu baada ya kazi. Nilimkuta kwenye cherehani, sare za shule zimerundikwa kitandani. Kitabu kilikuwa kabatini, amekishonea jalada la kitambaa cha maua. Alinikabidhi akarudi kwenye cherehani, na mimi nikakifungua pale pale nimesimama.

Penseli ya dada yangu ilikuwa kila mahali. Lakini chini ya kila neno lake kulikuwa na jibu kwa kalamu ya buluu. Pale mke anapolia siku tatu, dada aliandika: *Na ng'ombe nani alikamua?* Kalamu ikajibu: *Majirani. Kwani huko kwenu hakuna majirani?* Mbele kidogo, dada: *Uongo. Mwanamume hawezi kuosha vyombo bila kusema ameosha.* Kalamu: *Hapo umenishinda.* Waligombana hivyo kurasa mia mbili. Nikasikia sauti yake kwa mara ya kwanza tangu tumzike, na iliniuma, iliniuma sana, hata nikashika mlango wa kabati.

Nikafunua haraka kuelekea mwisho. Mvua. Mume anabisha. Penseli hakuna. Nikafunua ukurasa mwingine, na mwingine, karatasi tupu pembeni. Hakuwa ameufikia mlango. Sehemu hiyo kulikuwa na kalamu ya buluu peke yake: *Mbona umenyamaza?*

Cherehani ilikuwa imesimama. Mama alikuwa akinitazama.

"Nilidhani ni maandishi yako," akasema. "Nikasema, huyu mtoto chamani anasema ni kizuri tu, kumbe ugomvi wote ameniachia humu."

"Si mimi. Ni dada yangu. Hata yale ya zamani yote yalikuwa yake. Mimi sijawahi kuwa na maoni, mama."

Alivua miwani akaifuta kwa pindo la kanga. Kisha akasema pole, na pole yake haikuwa kama zile za matangani.

"Kitabu ni chako," akasema. "Nisamehe kwa kuandika ndani."

"Naomba kitabu, mama."

"Kuomba kwa kwetu au kwa kwenu?"

Nilifikiri kidogo. Kwa kwao kingekuwa changu kabisa, nami ningekifungia katika katoni pamoja na viatu.

"Kwa kwetu," nikasema. "Nitarudisha."

Nyumbani nilichonga penseli kwa kisu cha jikoni. Chini ya swali lile nikaandika: *Amefariki. Endelea na mimi.* Halafu nikaisoma sura ya mwisho, polepole, bila mtu wa kuniambia niione vipi. Yule mke alifungua mlango. Nilijua dada angeandika nini hapo, nilijua hata angekandamiza penseli kiasi gani. Lakini mimi nilifurahi kwamba amefungua. Nikaandika hivyo.

Jumamosi niliwaambia wote kwamba mwisho ule ni mzuri na nikaeleza kwa nini, na hakuna hata mmoja aliyenipinga. Mwalimu akaanza kusema kwamba mfiwa hanunui. Nikamwambia anyamaze, nikaenda kuagiza maandazi.