Mpiga Banjo Asiyeupa Mlango Mgongo

Mpiga banjo wa bendi ya bluegrass, muziki wa nyuzi wa mashambani Marekani, ni mlinzi wa jengo kule Fereej Bin Mahmoud, mtaa wa Doha, na siku sita za wiki macho yake hayabanduki mlangoni. Siku ya saba ni ya bendi. Kucha za chuma za kupigia huzivaa moja moja, taratibu, kama mtu anayefunga vifungo vya sare. Bendi yao haina ngoma. Wote huizunguka maikrofoni moja, na mwenye zamu husogea kati apige peke yake. Yeye sasa, hasogei. Kusogea ni kuupa mlango wa ukumbi mgongo, na mazoea ya ulinzi hayamruhusu; basi hupigia pembeni, na banjo yake haisikiki.

Ijumaa hii, katika mkahawa mmoja mtaa wa The Pearl, Cheryl wa fidla alimnong'oneza, "Soja, leo usipoingia kati, wiki ijayo ubaki kwa geti yako. Nimechoka na banjo bubu."

Zamu ilipofika aligeuka, akaingia kati. Mabega yalikuwa juu, kama ya mtu anayengoja kushikwa kwa nyuma. Kisha yakashuka, na vidole vikakimbia hata wahudumu wakasimama na sinia zao mikononi. Zamu ikaisha, yeye bado anapiga. Ikabidi Cheryl amvute shati.

"Toka basi, soja. Na sisi tumekuja kupiga."